Sarafu Tatu za Mama Chine

Juzi nilipita mtaa wa Vickery Meadow kwa treni, na macho yangu, rafiki, yakaenda yenyewe hadi kwenye ghorofa yetu ya zamani. Kwenye kile kibaraza cha juu siku hizi wanaegesha baiskeli. Enzi zetu palijaa ndoo za matembele.

Matembele ndiyo yaliyomkutanisha bibi yangu na jirani yetu mzee, tuliyemwita Mama Chine. Sisi tulitoka Kongo, yeye China, kumbe wote tunakula majani yaleyale! Walikaa wakiyachambua, kila mmoja na lugha yake, nami, kupitia Kiingereza kidogo cha Mama Chine, nikawa mkalimani wa kulipwa mandazi.

Kazi ikiisha, Mama Chine alipiga ramli: alirusha sarafu zake tatu mara sita. Kila mrusho ulimpa mstari mmoja, na mistari aliichora kuanzia chini. Sarafu zote tatu zikilala upande mmoja, mstari huo umezeeka.

"Kilichozeeka hugeuka," alisema, na hapo ndipo aliposoma jibu. Usipopatikana mstari wa kugeuka, mambo yanabaki vilevile.

Bibi, mtu wa kanisa, hakupenda. "Ile njo mambo ya bafumu," alininong'oneza, yaani waganga. Lakini jicho moja lilibaki mezani.

Kisha mwanawe Mama Chine akaamua kumhamishia kwake Houston. Mama Chine hakutaka kwenda. Akaziuliza sarafu kama kuna kitakachobadilika. Mistari mitano ikapita, hakuna uliozeeka. Mrusho wa mwisho, sarafu mbili zilionyesha uso, ya tatu mgongo.

Bibi akaja na sahani ya mandazi, akaitua mezani, na kwa kidole akaigeuza ile ya tatu.

"Mwambie dada yangu aangalie muzuri," aliniagiza. "Hii mustari imezeeka."

Nikatafsiri bila kupepesa. Mama Chine alimtazama bibi, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akauchora.

Houston alikwenda tu. Sarafu alimwachia bibi. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Aliyesema hivyo hakumwona bibi yangu akichambua matembele peke yake. Nawakumbuka wote wawili, na inaniuma.

Bibi hakuzirusha sarafu zile hata siku moja, maana ni dhambi. Alizipanga tu dirishani, zote tatu uso juu, na kila alipofuta vumbi alizirudisha vilevile, mpaka alipofariki.