Krediti Nne za Yadira

Kwi. Kwi. Kwi.

Kabla taa haijawashwa, kabla mlango wa duka haujafunguliwa, mnyororo wa tanuri unalia gizani kama kitu kinachoomba mafuta na kunyimwa. Kisha swichi inabofywa, na Yadira Cavazos anaonekana, aproni imeshafungwa, nywele zimeshakusanywa ndani ya kofia ya wavu.

Ni saa kumi na moja alfajiri, siku ya Alhamisi, Palo Seco, kusini kabisa mwa Texas, mwendo wa dakika ishirini kwa gari kutoka mpaka wa Mexico. Tortilla, zile chapati nyembamba za mahindi, zinatoka tanurini zikiwa zimefura. Yadira anazipokea kwa mikono miwili, anazihesabu kwa vidole bila kuzitazama, zikifika thelathini anazifunga kwenye karatasi, anaanza tena.

"Msomi," anaita Mzee Eliseo, msagaji wa mahindi, ambaye amefanya kazi hapa tangu Yadira hajazaliwa. "Hiyo ina ishirini na tisa."

"Ina thelathini."

"Huko chuoni wanakufundisha kuhesabu au kubisha?"

"Vyote, Mzee. Kubisha ni krediti tatu."

Wanacheka. Lakini anayemtazama binti huyu kwa makini ataona mkono wake wa kushoto ukirudi kila mara kwenye mfuko wa aproni. Humo mna karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Imekaa humo tangu Jumatatu. Isipofika kwenye dirisha la ofisi ya usajili ya chuo leo kabla ya saa kumi na moja jioni, haitakuwa na kazi tena.

Ni fomu ya kujitoa kwenye somo la kemia. Inahitaji saini ya mama yake, na mama yake hajui kama ipo.

Yadira ana miaka kumi na saba. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, na wakati huohuo ni mwanafunzi wa chuo cha umma cha eneo lao. Shule yake ni miongoni mwa zile zinazowaingiza watoto chuoni kabla hawajamaliza sekondari. Asubuhi anasoma na rika lake. Saa tatu basi la shule linawachukua, na saa nne amekaa darasa moja na wanajeshi wastaafu na akina mama wa watoto watatu. Kila somo la chuo analofaulu humpa krediti, vipimo vya uzito wa somo, na linahesabiwa chuoni na sekondari pia. Halipi ada hata senti. Akifikisha krediti sitini kabla ya Juni, atavaa joho la stashahada ya chuo wiki mbili kabla ya kuvaa la sekondari.

Anazo arobaini na saba. Muhula huu anasomea kumi na tatu. Nne kati ya hizo ni za kemia.

"Watu hudhani kazi ngumu ni kuamka," anasema huku akifunga karatasi. "Kuamka nimezoea. Kazi ni kuwa na shule mbili na kichwa kimoja."

Kemia hakuichagua kwa bahati mbaya. Alizaliwa kwenye mtaa wa nyumba za mbao nje ya mji, ambako bomba la maji lilifika akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo walinunua maji yaliyoletwa kwa gari, na baadhi ya siku yalinuka. Anataka kuwa mtu anayepima maji maabarani na kusema, haya msinywe. Chuo kikuu kimeshamkubali, na kimemwahidi ufadhili, kwa sharti kwamba rekodi yake ya chuo isiwe na doa.

Doa lenyewe lilianza na likizo.

Mwezi Machi, shule yake ya sekondari ilifunga wiki ya pili. Chuo kilifunga wiki ya tatu. Kalenda mbili, mtoto mmoja katikati.

"Basi halikuja," anasema Yadira. "Tangu nina miaka kumi na minne, basi likija kuna shule, lisipokuja hakuna shule. Sikufikiri zaidi ya hapo."

Ilikuwa Kwaresima, wakati ambao nyumba nyingi za Palo Seco haziweki nyama mezani siku ya Ijumaa, na tortilla hununuliwa kwa marundo. Yadira, ambaye kwa kawaida hufanya kazi saa kumi na nne kwa wiki kwa dola kumi na moja kwa saa, alifanya kazi saa arobaini na akajisifu. Jumanne ya tarehe kumi, saa nne asubuhi, alikuwa hapahapa mbele ya tanuri. Saa hiyohiyo, kilomita thelathini kutoka hapa, darasa lake la kemia lilikuwa likifanya mtihani wa katikati ya muhula. Wenzake wawili wa shule yake walipelekwa na baba zao. Walidhani Yadira anaumwa.

Tarehe ya mtihani ilikuwa kwenye mpangilio wa somo, karatasi ambayo yeye mwenyewe aliisaini Januari. Alipata sifuri. Mtihani ule ulibeba asilimia ishirini ya alama zote.

Mwalimu wa kemia, Dakta Ramiro Ozuna, si mtu mkatili. Anazungumza taratibu, akisugua miwani yake kwa ncha ya tai.

"Nina wanafunzi mia moja na arobaini," anasema. "Mmoja alikosa mtihani kwa sababu mwanawe alilazwa. Sikumpa mtihani mwingine. Nimpe aliyechanganya likizo? Yadira ni hodari maabarani, pengine kuliko wote. Lakini alipoingia mlango huu aliacha kuwa mtoto wa shule. Hilo niliwaambia siku ya kwanza."

Aliwaambia, ni kweli. Ila mlango huo una tabia ya kumgeuza mtu kila anapoupita. Akitoka nje ya darasa la kemia na kurudi sekondari, Yadira huyohuyo anaomba kibali cha kwenda chooni.

Hesabu iliyobaki ni fupi. Akiendelea na alama zake za maabara na majaribio madogo, anahitaji themanini na nne kwenye mtihani wa mwisho, tarehe kumi na moja Mei, ili apate C, alama ya chini kabisa inayokubalika. Katika mtihani wa kemia wa darasani hajawahi kuvuka sabini na tisa.

Akijitoa leo, rekodi itasema tu kwamba alijitoa. Lakini atabaki na krediti hamsini na sita, joho la chuo halitamhusu, na kemia ataisoma baadaye kwa kulipa karibu dola mia sita. Asipojitoa na akafeli, F itaandikwa, na ufadhili utakuwa mashakani.

Mshauri wa masomo wa sekondari, Bibi Ludivina Sáenz, alimpa fomu hiyo kwa mkono wake.

"Nilimwambia, binti, jitoe, usijitie ushujaa," anasema. "F haina umri. Ukiipata na miaka kumi na saba utaikuta imekaa inakusubiri ukiwa na thelathini."

Wakati huo nyumbani maandalizi ya sherehe ya joho yanaendelea. Mjomba wake ameshaagiza mbuzi wawili wa kuchoma. Shangazi wa San Antonio ameomba ruhusa kazini. Na mama yake, Herminia, anayesimamia tanuri hapahapa dukani, amewaambia wateja wote, pamoja na wale wanaokuja kununua tortilla tu na hawana hamu ya kusikia habari za mtu.

Herminia hajui neno lolote kuhusu sifuri ile. Ila mama ni mama. Mwishoni mwa Machi aligundua kwamba binti yake ameacha kuitaja kemia mezani. Hakumuuliza. Alifunga dazani tano za tortilla kwenye kitambaa zikiwa bado moto, akaendesha gari hadi chuoni, akaomba kuona alama za mtoto wake.

"Yule msichana wa dirishani alikuwa na adabu," anasimulia Herminia kwa sauti ya chini, binti yake akiwa mbali. "Aliniambia, mama, siwezi, rekodi ni za mwanafunzi, mpaka yeye mwenyewe aandike ruhusa. Nikamwambia, mwanafunzi gani? Huyu mwaka juzi nilikuwa bado namkata kucha. Akasema hapa chuoni ni mtu mzima."

Anafuta mikono.

"Tortilla walizipokea. Habari hawakunipa."

Hivyo ndivyo ilivyo. Chuo hakimruhusu mama kuona alama, kwa kuwa binti ni mtu mzima. Sekondari haimruhusu binti kujitoa bila saini ya mama, kwa kuwa binti ni mtoto. Ofisi mbili zimegawana msichana mmoja, na kila moja imechukua upande unaoifaa. Hofu zimemwachia yeye.

Asubuhi inapita. Mara tatu Yadira anamsogelea mama yake, na mara tatu anarudi na kazi aliyojitafutia: kufagia, kuongeza karatasi, kupanga kreti. Saa moja na robo anavua aproni, anahamishia fomu kwenye mkoba, anaondoka.

Anarudi saa tisa na dakika arobaini alasiri. Mpaka chuoni ni mwendo wa dakika ishirini na tano.

Safari hii hafagii. Anaiweka fomu juu ya meza ya kufungia, mbele ya mama yake.

"Hii ya nini?" anauliza Herminia. Alisoma hadi darasa la sita huko Tamaulipas, upande wa Mexico, na Kiingereza cha fomu humchosha. "Nisomee."

Yadira anasoma. Jina lake. Namba yake. Jina la somo. Sababu ya kujitoa. Penye sababu pameandikwa alama za chini.

"Kemia imekushinda tangu lini?"

"Haijanishinda. Nilikosa mtihani. Machi, ile wiki ya likizo."

"Leo ni tarehe kumi na sita Aprili."

"Najua, Mama."

"Wewe unajua. Mimi ndiye nisiyejua. Mimi niko hapa nawatangazia watu mbuzi."

Mzee Eliseo anazima kisagio. Hakuna aliyemwambia.

"Nilienda kule," anasema Herminia.

"Wapi?"

"Chuoni kwako. Wakaniambia wewe ni mtu mzima."

Yadira anakaa juu ya gunia la mahindi. Kisha anaeleza yote: sifuri, themanini na nne, sabini na tisa, hamsini na sita, dola mia sita. Anaeleza kwamba kila Jumatano anakwenda ofisini kwa Dakta Ozuna, na kwamba juzi alijipa mtihani ule alioukosa, chumbani, saa ikiwa mezani, akapata themanini na moja.

"Ulijisahihisha mwenyewe?" anauliza Mzee Eliseo.

"Dakta ndiye aliyesahihisha."

"Basi hiyo ni themanini na moja ya kweli. Ungejisahihisha mwenyewe ningetoa kumi, kwa jinsi ninavyozijua thelathini zako."

Hakuna anayecheka sana. Saa ya ukutani inasema kumi na dakika tano.

Herminia anachukua kalamu ya kuandikia oda za wateja, anaifungua, anaishika juu ya mstari wa saini.

"Niambie tu," anasema. "Ukisema niweke, naweka. Ukisema nisiweke, siweki. Lakini sikuchagulii, mwanangu. Nikikuchagulia vibaya utanichukia, nikikuchagulia vizuri hutajifunza kitu."

"Naogopa."

"Hilo naliona. Sikukuuliza hilo."

Yadira anainyoosha mikunjo ya fomu kwa kiganja. Nje, mteja anagonga kioo kwa sarafu. Mzee Eliseo anakwenda kumhudumia. Dakika zinakwenda. Ikifika saa kumi na nusu, gari lolote litakaloondoka hapa litafika dirisha la chuo likikaribia kufungwa.

"Usiweke," anasema Yadira.

"Sema tena."

"Usiweke saini. Nitaufanya mtihani."

Herminia anafunga kalamu. Hamkumbatii, hamsifu. Uso wake ni wa mtu aliyeona gari likipita karibu mno na mtoto. Anamwambia kwamba kuanzia kesho hataki kumwona mbele ya tanuri hadi tarehe kumi na moja Mei.

"Na hela yangu ya wiki?"

"Tutakula tortilla. Hapa hazijawahi kuisha."

Zimebaki siku ishirini na tano. Mpango wa Yadira ni sura mbili za kitabu kila wiki, Jumatano kwa Dakta Ozuna, Jumamosi maktaba na wale wenzake wawili, ambao sasa wanajua kwamba hakuwa anaumwa. Matumaini yake ni themanini na nne. Haombi tisini. Akizipata, Agosti ataingia chuo kikuu moja kwa moja mwaka wa tatu, na mtu wa kwanza wa ukoo wao kupima maji ya watu atakuwa ametoka Palo Seco.

Asipozipata, bado hajui.

Herminia anarudi kwenye tanuri. Yadira anamfuata, anasimama upande wa pili wa mkanda unaotoa tortilla, mahali ambapo lazima mama yake amtazame.

"Mama. Matokeo yakitoka, nitakuja hapa kabla sijamwambia mtu yeyote. Mjomba hatajua, Bibi Sáenz hatajua. Ikiwa ni C nitakuambia C. Ikiwa ni F nitasimama hapa na kuisema kwa mdomo wangu, nawe utaisikia kwangu kwanza. Nakuahidi."