Mtoto Aliyeandikwa Kwenye Ramani

Kwanza niseme wazi: kitabu hakiuzwi. Tangu mwaka jana nimelazimika kulirudia neno hili mara nyingi, hata majirani hapa Bondeni wameanza kusema nina kichwa kigumu. Sikatai. Kichwa hiki nimekirithi kwa mama.

Kitabu chenyewe kilitufikia kupitia babu, baba yake mama, aliyekuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano kule juu, upande wa Molo. Wakati wa uhuru mzungu alifungasha akarudi kwao, akamwachia babu koti, sufuria mbili na kasha la vitabu. Vingine viliishia kuwasha jiko. Hiki kilipona kwa sababu kilikuwa kizito, kina jalada la ngozi, na maneno yake hayakuwa Kiingereza. Babu alikuwa amezoea misa ya Kilatini, akayatambua maneno mawili matatu, akatangaza kwamba hiyo ni Biblia, tena ile ya zamani kuliko zote. Nani angembishia?

Mama alipoolewa na baba yangu, fundi wa reli, alikuja nacho Bondeni kimefungwa kwenye kitambaa. Kiliishi juu ya kabati. Kilishuka Jumapili, na siku za kesi. "Weka mkono hapo useme hukuramba sukari," mama alikuwa akituambia. Ndani mlikuwa na magurudumu ya karatasi, moja juu ya jingine, yameshikwa kwa uzi katikati. Ukiyazungusha yanakuonyesha jua, mwezi, kaa, ng'e na mwanamke mwenye mizani. Mama alisema ni ya kuhesabia sikukuu. Gurudumu moja lilipong'oka alilishona kwa uzi wa gunia. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naapa kwa kitabu cha nyota, na bado niliogopa kudanganya.

Katikati palikuwa na picha ya kukunjua: milima chini, mito ikitoka milimani na kupanda juu ya karatasi, halafu eneo kubwa tupu. Mama aliamini hiyo ndiyo Edeni. Biblia inasema mito ilitoka Edeni, na mito si ile pale? Kwetu, kama kwa familia nyingi za hapa, watoto huandikwa ndani ya Biblia ya nyumba, jina na siku ya kuzaliwa. Mama alituandika hapo patupu, sote watano, kwa peni ya buluu.

Nimesema watano. Tuliokua ni wanne. Wa tatu aliishi siku tisa, akafariki kabla ya kubatizwa. Katekista alikataa kumtia kwenye daftari la kanisa. Asiyebatizwa, alisema, hana mahali. Cheti cha kuzaliwa hakikuwahi kuchukuliwa. Mama alirudi nyumbani, akashusha kitabu, akamwandika Edeni. Mimi ndiye kifungua mimba, nilimwona. Hakulia. Aliikandamiza peni mpaka alama ikatokea upande wa pili wa karatasi.

Nilipofika darasa la sita niliona ramani ya Afrika ukutani, nikalitambua umbo la ile picha yetu ya kukunjua. Nilinyamaza zaidi ya miaka arobaini. Ningeanzaje kumtoa mtoto Edeni?

Mwaka jana ndugu yangu wa mwisho, dereva wa lori, alikipiga kitabu picha kwa simu akazituma huku na huku. Mwezi haukuisha kabla hajatuletea mgeni kutoka Nairobi, mtaalamu wa vitabu vya kale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, lakini huyu alinitia shaka kwa vile alivyozungumza na ndugu yangu tu, kana kwamba mama na mimi ni viti. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akafungua. Pumzi zikamwenda mbio.

"Boss, hii si Bible," akamwambia ndugu yangu. "Hii ni ya nyota na nchi za dunia. Iko na zaidi ya miaka mia nne. Ni rare, rare kabisa."

Nilimtolea macho anyamaze. Nilichelewa. Mama alikuwa pale pale kwenye kochi, na masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Mgeni akaikunjua ile picha, akatikisa kichwa. "Shida ni hii peni. Lakini isiwasumbue, tuko na mtu anaweza kuiosha polepole, hata hamtajua kulikuwa na kitu. Ikikuwa clean, maktaba yoyote kubwa huko majuu, Ulaya, itaitaka."

"Si ni majina yetu tu, dada?" ndugu yangu akaniambia. "Na sisi wenyewe tuko hapa."

"Hesabu tena," nilimjibu. Akainama akasoma. Alipofika jina la tatu, ndugu ambaye hakuwahi kumwona, alinyanyuka akaenda kusimama dirishani.

Hapo mama akafungua mdomo. "Kijana, hiyo picha ni ya wapi?"

Nilitaka kumrukia yule mtu nimzibe kinywa. Hakunipa nafasi. "Ni Afrika, Mama. Wenye kuchora hawakuwa wamefika huku, ndiyo wakaacha hapa katikati empty. Hapa ni kama huku kwenu."

Nilimkazia mama macho, nikingoja aanguke. Mtoto wake alikuwa ametolewa peponi mbele ya mgeni, na mimi nilikuwa nimejua siku zote.

"Waliacha patupu," mama akasema. "Na watu tulikuwako?"

"Mlikuwako, Mama."

Akakivuta kitabu mapajani, akaweka kidole kwenye jina la tatu, akamtazama mgeni kwa mara ya kwanza.

"Kanisa lilisema huyu hana mahali. Hao waliochora wakasema hapa hakuna watu. Sasa na wewe umekuja na maji yako." Akakifunga. "Mtoto wangu ako kwao. Hatoki."