Dada Nimepokea

Jina hilo nilimpa mimi, na nilimpa kwa ubaya. Ukimwambia kikao ni saa nne, hajibu mpaka awe ameshaandika kwenye daftari lake, ndipo anasema, "Nimepokea." Ukimwambia chai iko tayari, anasema neno hilo kikombe kikiwa tayari mkononi. Nikaanza kumwita Dada Nimepokea ili watu wamcheke. Walicheka wiki moja, kisha wakampenda, na jina likageuka kuwa la heshima. Yaani hata kejeli zangu zilimfaidisha yeye.

Ofisi yetu inaandika programu za kuendesha lifti. Lifti zenyewe hatuna. Jengo la kuzifunga huwa bado ni zege na nondo. Kwa hiyo tunajaribu kwa maigizo. Mimi natunza mashine pepe, yaani programu inayojifanya ile kompyuta ndogo ya ndani ya lifti. Yeye anatunza programu nyingine, iliyo kando kabisa, inayojifanya vifaa: mota, breki na milango. Mashine yangu ikitaka mlango ufungwe, inaipigia kengele programu yake, halafu inatakiwa isimame kimya, hata saa yake ya ndani isisogee, mpaka ijibiwe. Jibu lenyewe ni lile lile neno lake. Aliomba liandikwe hivyo, na bosi akakubali papo hapo. Mimi mwaka huo nilikuwa nimeomba mambo matatu, na yote bosi alikuwa bado anayafikiria.

"Nimesoma maana yake ujumbe umefika," alitufundisha siku zake za mwanzo. "Nimepokea maana yake kazi imekwisha. Msichanganye."

Alikuwa na sababu. Mjomba wake, aliyemlea yeye na mdogo wake baada ya mama yao kufariki, alikuwa mpokea mizigo ghalani. Siku moja mtu wa juu aliuliza kwa simu ya upepo kama kamba imeshikwa. Mtu wa chini akajibu "nimepokea" kabla hajaishika, na kasha likamwangukia mjomba mguuni. Yeye, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyekuwa akimfunga bandeji kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Baadaye akajifunza kompyuta kwa kutengeneza simu mbovu za majirani. Alitusimulia hayo huku akimenya chungwa, bila kutafuta huruma ya mtu, nami nikazionea wivu hata shida zake. Mimi nililelewa vizuri, sina cha kusimulia.

Ndiyo, nilimwonea wivu, sifichi. Mume wangu alikutana naye mara moja tu, mlangoni pa ofisi, akasema, "Mwenzako ni mtu wa watu." Nikamnunia siku mbili.

"Mke wangu, nimekosa nini?"

"Hakuna."

"Mbona unaweka sahani mezani kama unapigilia misumari?"

Bosi akatangaza kwamba kitengo chetu kitapata mkuu. Mimi nilikuwa na miaka tisa pale, yeye miwili. Wiki hiyo hiyo nikafuta mstari mmoja kwenye programu yangu, ule unaoifanya mashine ingoje jibu. Ikawa inapiga kengele na kuendelea na safari yake. Majaribio ya saa nzima yakaisha kwa dakika kumi, bosi akanisifu mbele ya wote, nami nikavimba kichwa.

Kisha wajenzi, wateja wetu, wakaja kutazama. Lifti yetu ya kwenye skrini ikaondoka ghorofa ya pili mlango ukiwa wazi. Mashine yangu ilishahesabu kwamba mlango umefungwa, wakati programu yake ndiyo kwanza inaufunga. Lakini kwa macho ya watu, mlango ndio uliochelewa, na milango ilikuwa ya Dada Nimepokea.

"Wanarudi Ijumaa," bosi alimwambia. "Ikitokea tena, mkataba wako siongezi."

Nilijua kosa liko wapi kabla hajamaliza kusema. Nikaendelea kuchapa. Mchana akaja mezani kwangu na daftari lake.

"Dada, samahani nakusumbua. Upande wako bado unangoja jibu?"

"Unangoja."

Akaandika, akapiga mstari chini ya neno. "Nimepokea."

Hakuniuliza tena. Siku tatu nzima aliandika upya milango yake, akitafuta kosa ambalo halikuwepo. Alhamisi nikamsikia akimwambia mdogo wake kwenye simu, "Hilo la ada ya chuo ngoja kwanza, nione Ijumaa itakuwaje." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonishinda. Nikarudi mezani, nikaurudisha mstari wangu bila kumwambia mtu, nikajiona mtu mwema kwelikweli.

Ijumaa lifti ilipanda na kushuka mara arobaini, kila mlango ukifungwa kwa wakati wake. Wajenzi wakapiga makofi. Bosi akamshika bega Dada Nimepokea.

"Si niliwaambia huyu ni kiboko? Siku tatu tu, ametengeneza!"

"Bosi, mimi sijaona nilichotengeneza," akajibu.

"Acha unyenyekevu wako!"

Wivu ukanipanda. Nikasahau mengine yote, nikabaki na moja tu: kazi nimefanya mimi, sifa anapewa yeye.

"Aliyetengeneza ni mimi!" nikasema.

"Umetengeneza nini?" bosi akauliza.

Dada Nimepokea akafungua daftari kwenye ukurasa wenye ule mstari chini ya neno "unangoja". Akanigeuzia. Nikasema yote mbele ya wageni, kuanzia mstari niliofuta mpaka "unangoja" yangu.

Ukuu wa kitengo alipewa yeye. Mimi nilibakizwa kazini kwa ombi lake, na hata hilo liliniuma.

Jumatatu nikamwandikia ujumbe, ingawa meza zetu zinatazamana: "Nilikudanganya. Nisamehe." Nilimwona akisoma. Akaandika neno moja.

"Nimesoma."

Ni miezi minne sasa. Tunasalimiana, kazi inakwenda, na mashine yangu inangoja kila jibu bila kukosa. Asubuhi, kabla sijagusa kitu kingine, naangalia kwanza kama ameandika lile neno lingine.