Trei ya Bahati ya Stumai

Jumanne, tarehe 11 Machi. Mvua imeanza alfajiri, ikapumzika kidogo watoto walipokuwa wanakwenda shule, kisha ikarudi na ukungu wake. Ruhuwiko yote, hapa Songea, imefunikwa, hata bati la jirani silioni.

Naandikia sebuleni kwa sababu jikoni kwangu hakuna nafasi. Yuko Stumai, mtoto wa mama yangu mdogo, aliyeingia jana kutoka Namtumbo, na watoto wangu wote wamemzunguka kama vifaranga. Mimi nikiwaita wachote maji hawasikii. Yeye akigusa sufuria tu, wameshafika. Sasa hivi ametia mbegu za haradali kwenye mafuta ya moto na zinalipuka tap, tap, tap. Harufu imenifikia hapa, na kalamu ikasimama.

Haradali niliijua kanisani kabla ya kuijua jikoni. Padri alisema ni mbegu ndogo kuliko zote, nikaamini ni kitu cha Biblia tu, kama manemane. Harufu yake nilikuja kuisikia kwenye nguo za Stumai, akitoka kwa Baba Karim mwenye duka, na tangu siku hiyo kwangu mimi haradali inanuka wivu. Sijui kama nitaeleza vizuri, maana niliishia darasa la saba, lakini nitajaribu kusema haki, ya kwake na ya kwangu.

Tulilelewa pamoja kwa Bibi, mjini, uchochoro mmoja nyuma ya duka la Baba Karim. Bibi alifuga kuku na kuuza mayai, ndiyo maana wale watu wa duka walimwita Mama Mayai. Baba Karim aliishi na mama yake mzazi, Bi Zarina, na kijana wake Karim aliyekaa kaunta. Wazee wao walitoka ng'ambo ya bahari zamani sana. Wao wenyewe walizaliwa Songea, na Bi Zarina alikuwa akimwamkia mzee wa Kingoni kwa Kingoni kizuri kuliko changu. Lakini kulikuwa na dishi juu ya paa lao, na dishi hilo likielekezwa kwenye mashindano ya dunia ya kriketi, nyumba nzima ilirudi ng'ambo. Timu yao ilikuwa ya nchi ya mababu zao. Sisi watoto tuliiita timu ya Baba Karim, kana kwamba aliinunua.

Kazi ya kupeleka mayai tulipokezana. Siku hii ninayoisema ilikuwa zamu yangu, na ninaomba hilo likumbukwe. Ila nilikuwa nimekaa katikati ya magoti ya mama wa jirani nasukwa, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, nikamwambia Stumai, wewe nenda. Akajitwisha trei akaenda.

Alifika mlangoni mwa sebule yao wakati timu inaelekea kuzama. Akasimama pale, mtoto mweusi mwembamba na trei ya mayai mikononi, akisubiri mtu wa kumpokea. Dakika hiyohiyo mchezaji wao akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja. Wote wakaruka. Stumai akataka kupita aweke mayai mezani, Bi Zarina akamzuia kwa mkono: "Simama hapohapo, mwanangu. Usisogee."

Kumbe wapenzi wa kriketi wana miiko kama sisi tulivyo na ya kwetu. Mambo yakienda vizuri, mtu habadili kiti, aliyekunja mguu haukunjui, na aliyebanwa na haja atajua mwenyewe. Basi Stumai alisimama na trei mpaka timu ikashinda. Alirudi jua linazama, ana chevda, ule mchanganyiko wao wa kukaanga, kwenye kipande cha gazeti na soda aliyoinywa nusu.

Kuanzia hapo kila mechi Karim alikuja kumwita. Walimwekea stuli palepale mlangoni, na trei tupu mapajani, kwa sababu bahati ilikuja na trei na hakuna aliyethubutu kuitenganisha. Timu ikashinda tena. Ikashinda na tena. Mtaani wakaanza kumwita Stumai Nyota. Mimi niliitwa Skola, kama siku zote.

Jinsi nilivyoumia sijui niwaambieje. Nililala naye kitanda kimoja, nikageukia ukutani ili nisinuse haradali. Haki yake nimpe: kila siku alikuja na chevda yake imefungwa vilevile, akaifungua juu ya shuka, akanigawia nusu kwa nusu, hata karanga alizihesabu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mchoyo ningemchukia kwa raha. Nilizitafuna, zile punje za mchele zilizokaangwa na dengu za kukwaruza ulimi, na kila punje ilikuwa tamu, nami nazimeza pamoja na machozi ya hasira.

Niliuliza mchezo wenyewe ukoje. Akasema mtu mmoja anakimbia anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa ubao mpana kama mwiko wa ugali wa msibani, na nyuma yake kuna vijiti vitatu, vikianguka anatoka. Nikamwambia huo mchezo wa kijinga. Akasema labda.

Ikaja mechi na nchi moja ndogo. Karim alitangaza dukani kwamba wachezaji wake wengine mpira ni kazi ya jioni, asubuhi wako ofisini. Baba Karim aliwapa wateja pipi hata mechi haijaanza. Siku hiyo sikuvumilia. Stumai alipoitwa nikamfuata nyuma, nikachungulia kwenye matofali yenye matundu upande wa uani kwao.

Niliona migongo ya watu, na Stumai kwenye stuli, mgongo umenyooka kama wa mtu anayepigwa picha. Vijiti vikaanza kuanguka. Mchezaji wa kwanza akatoka, wa pili hakukawia. Bi Zarina akamwambia Stumai ahamishie trei goti la kulia. Kijiti kikaanguka. Akamwambia aishike kwa mikono yote. Kikaanguka kingine. Wakageuza stuli, wakamvua ndala, wakampa yai moja bichi aliweke katikati ya trei. Stumai alifanya yote, macho kwenye lile yai. Hakuna aliyekula. Ile nchi ndogo ilipomaliza kazi, niliwaona vijana wake kwenye televisheni wamelaliana chini wanalia kwa furaha, na mle sebuleni Baba Karim amejifunika uso kwa taulo.

Karim ndiye aliyesema. "Nyota gani hii? Huyu mtoto ana nuksi."

Bi Zarina aliinuka. Alimwondolea Stumai trei mapajani, polepole, akasema, "Nenda kwenu, mwanangu." Hakukuwa na chevda.

Nilifurahi. Furaha hiyo ilinichukua kutoka kwenye tundu la tofali hadi kizingiti cha kwetu, hapo ikaisha, kwa sababu nilimkuta Stumai amekaa nyuma ya banda la kuku na lile yai bado liko mkononi. Alisahau kulirudisha na sasa aliogopa kulirudisha.

Kesho yake tukiwa bombani tukasikia kwamba mwalimu wa timu ya Baba Karim amekutwa amefariki, hotelini, hukohuko kwenye mashindano. Duka la Baba Karim lilifunguliwa mlango mmoja tu. Watu waliopita walisema sebuleni wanalia, wazee kwa vijana, wanalilia timu kufungwa au mwalimu, hawakuwa na hakika. Na watoto, mnawajua watoto. Kabla ndoo hazijajaa walishatunga: Stumai kaua kocha. Wakaimba hivyo mpaka kwetu, wakigonga ndoo.

Stumai hakula mchana. Bibi alikuwa anawamwagia kuku pumba, Stumai akamwendea akasimama karibu kabisa.

"Bibi, trei inaweza kuua mtu?"

Bibi akaacha pumba. Akataka kujua trei gani, mtu gani, nikaeleza mimi, maana mwenzangu alishindwa. Nilieleza yote kama ilivyokuwa, pamoja na neno la Karim. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kule dukani, wanalia au hawalii?"

"Wanalia, Bibi."

"Basi kuna msiba jirani, nanyi mmekaa hapa na habari za trei."

Nikamwambia marehemu si ndugu yao, ni mtu wa mbali, hata hawakuwahi kumshika mkono. Bibi alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na beseni la unga uliofunikwa kwa khanga, kama tunavyokwenda kwenye kilio chochote, akamtwisha Stumai. Mimi akanitwisha kuni. Ningependa kusema sikuliona hilo, kwamba mmoja alipewa unga na mwingine kuni, lakini niliona.

Tulipita mlango wa uani. Bibi alivua viatu, akaingia kwenye sebule ile yenye zulia jekundu, akapita masofa yote, akakaa chini mbele ya televisheni, miguu ameinyoosha, akashika shavu. Baba Karim alisimama. Alikuwa hajanyoa.

"Mama Mayai, shikamoo. Kuna nini?"

"Marahaba. Poleni sana, baba. Tumesikia mwalimu wa watoto ametutoka."

Karim alianza kucheka, akatazama huku na huku atafute wa kucheka naye, akakosa. Baba Karim akasema taratibu kwamba wao hawakufiwa, ni mambo ya mchezo tu, Mama asijisumbue. Bibi akajibu kwamba unga umeshakuja, haurudi. Ukirudi unaleta msiba mwingine. Na nyumba ile ilikuwa inapikia gesi, kuni zangu zingekwenda wapi Mungu ajua.

Bi Zarina alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni. Aliutazama ule unga muda mrefu. Kisha akateremka kitini, mzee yule mwenye magoti mabovu, akakaa chini na Bibi, bega kwa bega.

"Alipofariki mume wangu," akasema, "mtaa mzima mlisimama barabarani. Niliwaona dirishani. Hakuingia mtu."

Bibi hakujitetea. "Tuliogopa zulia," akasema. "Tukadhani kwenu hakuingiwi."

Hapo Bi Zarina akalia. Hakulia kama alivyomlilia mwalimu, alilia kwa sauti ya chini, na Bibi akaipokea kwa sauti ya kwetu, ile ya kuvuta. Karim akatoka nje. Kisha Bi Zarina akanyoosha mkono akamvuta Stumai, akamlaza kichwa mapajani pake, palepale trei ingekaa, akawa anampapasa nywele. "Huyu hakufanya kitu," alikuwa anasema. "Mtoto huyu hakufanya kitu." Akasema mara nyingi. Baba Karim naye akasema hivyo, kwa sauti ya mtu anayetangaza, ili hata aliye kaunta asikie.

Na mimi? Nilikuwa nimesimama mlangoni na mzigo wa kuni kichwani. Hakuna aliyenitua. Hata pale, hata kwenye kilio, aliyeshikwa ni Stumai. Nilisimama mpaka shingo ikauma, nikingoja mtu aseme na huyu je. Mwishowe Bi Zarina akaniona, akauliza huyu nani, kana kwamba sikuwahi kumletea mayai, Bibi akajibu bila kugeuka, "Huyo Skola. Wa kuni."

Miaka mingi niliyabeba maneno hayo kuliko kuni zenyewe.

Bibi na Bi Zarina wote wamekwishatangulia, na kwa kila mmoja mtaa uliingia ndani, viatu vikajaa mlangoni hadi barabarani. Habari ya kusimama barabarani sikuielewa wakati ule. Niliona wazee wawili wanamlilia mwalimu wa mpira. Nimekuja kuelewa nilipofiwa na mimi, nikajua mtu anavyoweza kuhesabu nani ameingia na nani ameishia nje.

Lakini lililonifanya nichukue daftari leo ni lingine. Jana, tukiwa tunachambua dengu kwa ajili ya hii chevda anayokaanga sasa, nilimtania Stumai. Nikamwambia, wewe mwenzangu uliila dunia mapema, unakaa kwenye stuli unatafuna chevda, mimi niko uani na mavi ya kuku. Nilisema kwa kucheka. Yeye hakucheka.

"Sikuwahi kula kule," akasema. "Hata punje."

Nikamwuliza kwa nini, wakati ilikuwa mbele yake kwenye sahani.

"Ukitafuna, mwili unatikisika. Niliogopa trei isogee, timu ifungwe. Hata mate nilikuwa nameza kwa mpango. Nilikuwa nasubiri kufika kitandani ndiyo nile na wewe."

Nimekaa na hilo usiku kucha na asubuhi hii yote. Nilikionea wivu kiti ambacho mwenyewe alikikalia kwa hofu, na sehemu pekee aliyojisikia huru kutafuna ilikuwa kando yangu, nami nimemgeuzia mgongo. Je, wivu umekwisha? Nisidanganye. Nimesikia watoto wangu wanacheka huko jikoni, na wa mwisho amemwita mama kwa kuteleza, na mimi moyo umeniruka kama ile haradali.

Naongeza haya usiku. Mvua imekatika jioni. Tumekula ugali na majani ya maboga yaliyoungwa karanga, na dagaa wa Nyasa kidogo. Kisha Stumai akaleta chevda kwenye beseni, akaiweka katikati ya mkeka, akachota ya kwanza yeye. Alitafuna kwa sauti, mdomo wazi, bega lake likigonga langu, na safari hii sikugeuka.