Tarishi Aliyeupa Ua Mgongo

Mjukuu wangu anataka nimwandikie maana ya kuitwa. Mimi, niliyejifunza kushika kalamu ukubwani, tena vidole vimeshakakamaa. Shule yote ile aliyosoma imemfunza nini? Haya.

Mahakama moja ndogo ilikuwa na tarishi. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita wenye kesi mara tatu. Usipotokea, kesi yako inafutwa. Aliifanya miaka kumi na tisa, na viatu vyake aliving'arisha kuliko akili yake. Hata mkewe alimwita "Mheshimiwa", naye hakujua kwamba anachekwa.

Palikuwa na mjane mmoja, mfua nguo. Shemeji yake alitia kufuli kwenye chumba alichoachiwa na marehemu, chumba kimoja chenye dirisha bovu, lakini ndicho alichokuwa nacho. Akashtaki. Siku ya kesi alifika mlango haujafunguliwa, akakaa kwenye benchi la uani, karibu na bomba, kama alivyoelekezwa. Waliomjua tarishi walijibana mlangoni. Yeye hakumjua. Jua likampanda kutoka miguuni hadi mapajani. Mwishowe akatoka shemeji, meno yote nje.

"Pole, shemeji. Umeitwa mara tatu. Ulikuwa wapi?"

Mjane akainuka. Alipita mlangoni kama mwenye nyumba, akasimama mbele ya hakimu.

"Mheshimiwa, sikuitwa."

"Ameitwa," tarishi akasema, kidevu juu. "Nimemwita mwenyewe."

"Wewe baba umenitaja tu. Mtu akiitwa, anainuka alipo. Mheshimiwa, nakuomba ukakae pale kwenye benchi, halafu aniite tena vilevile."

Watu wakaguna. Hakimu alikuwa mtu mzima, kiuno kimemchoka kwa kukaa. Akainuka, akaenda zake bombani.

Tarishi akanyoosha kola, akakohoa. Hapo ndipo alipojianika. Miaka yote hiyo alikuwa akiita huku ameupa ua mgongo, uso kwa hakimu, ili bosi asikie sauti ilivyo tamu. Namna nyingine hakuijua. Basi akakiita kile kiti kitupu cha hakimu mara tatu, kwa adabu zote, mpaka akainama kidogo.

Hakimu alirudi baadaye, mikono inachuruzika maji.

"Bado hujaita?"

"Nimeita, Mheshimiwa. Mara tatu."

"Basi hata mimi ungenifutia kesi."

Kesi ikasikilizwa siku ileile, na shemeji akautoa ufunguo mfukoni kama mtu anayeng'olewa jino. Tarishi hakufukuzwa, watu wa namna ile hawafukuzwi. Alichorewa alama ya chokaa uani, asimame hapo, awatazame watu. Ndipo ikajulikana kuwa sauti yenyewe ni ya bata.

Kuitwa ni kufuatwa hadi ulipo. Sasa wewe unayesoma, usinipayukie tena ukiwa umejilaza kwenye kochi. Inuka, njoo mpaka jikoni, uniite huku unanitazama.