Jogoo Katika Banda la Mitetea

Dada yangu mkubwa, Mama Manyoya kama mtaa ulivyomwita, mtoto wa mshona viatu, mjukuu wa mkunga, ndiye aliyetulea sisi wadogo zake kwa kuuza mayai. Kuku mchanga akimshika tu anakwambia: huyu jogoo, huyu mtetea. Hakuna aliyembishia, hata mimi mwenye mdomo.

Mwenye nyumba wake alikuwa mlinzi wa usiku, mchana analala. Alimruhusu banda la uani kwa sharti moja: "Siku nikisikia jogoo, mama, kuku nje, na nyinyi nyuma yao." Dada akaapa. Majogoo akawa anawaondoa wangali wadogo.

Basi asubuhi moja mkwe wake, mke wa mwanawe, alipasua yai, akaruka nyuma. "Mama! Yai lina mtoto!"

Dada akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kiini. Juu yake palikuwa na kiduara cheupe, kama pete. "Hamna mtoto hapo. Halijaatamiwa, mtoto atoke wapi? Lina mbegu tu. Kaanga ule." Kisha akageuka ghafla kutazama banda. Yai halipati mbegu bila jogoo.

Tukatoka uani kwa kunyata. Dada alimshika kuku mmoja mmoja, akipapasa kichwa. "Mtetea. Mtetea. Huyu naye upanga wake wa kichwani mdogo, mtetea."

"Mama," mkwe akanong'ona, "huyo wa kijivu, mtazame mgongo."

Manyoya ya karibu na mkia yalikuwa membamba, yamechongoka kama ya jogoo. Ya wenzake yalikuwa na ncha za mviringo. Dada alimleta hadi usoni, akamgeuzia juani. Hakuyaona.

Kuku yule akanyoosha shingo kutaka kuwika. Dada akamkandamiza kichwa kwapani. Mlango wa mwenye nyumba ukafunguka.

"Kuna nini huko?"

"Tunakagua kuku, baba. Lala."

"Hamna jogoo?"

Dada akazidi kumbana kuku kwapani.

"Jogoo wa nyumba hii si wewe?" nikamrushia.

Akacheka, akafunga mlango. Dada akamtia kuku kikapuni, akamfunika, akampa mkwe.

"Mpeleke kwa mchinjaji sasa hivi, umwinamishe kichwa asije akawika njiani. Ukirudi, wapekue wote waliobaki. Mgongo kwanza, upanga baadaye. Kuanzia leo kazi hiyo ni yako."

"Na wewe, mama?"

"Nitakushikia."