Navalayo Afunga Mlango Mpaka Saa Nne

Navalayo alikuwa fundi cherehani sokoni Khwisero, mwanamke wa miaka thelathini na minane. Aliacha shule kidato cha tatu alipopata mimba, na tangu siku hiyo alisema atarudi kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mwanzo mtoto, Wendy, alikuwa mchanga. Halafu mahindi yakataka palizi. Halafu wateja wakawa wengi.

Januari moja, mteja wake, Mwalimu Musimbi, alipitia kuchukua rinda asubuhi.

"Mama Wendy, ule mtihani umefikia wapi?"

"Nafasi sina, Mwalimu. Watu hawaniachi nipumue."

Musimbi akatazama kibandani. Hapakuwa na mteja mwingine. Walikuwepo majirani watatu wakinywa chai na kupiga soga, kama kila asubuhi. Navalayo akafuata macho yake, akaona haya.

Wiki hiyo akajisajili kwa mtihani. Mlangoni akaandika kwa chaki: "Fundi anasoma mpaka saa nne." Majirani wakanuna. Mteja mmoja akahamishia vitambaa vyake kwa fundi mwingine, na siku hiyo Navalayo alilia juu ya daftari, lakini mlango hakuufungua.

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, alikuwa amepata C. Hesabu tu ndiyo iliyompiga chenga. Akampigia Musimbi simu, huku Wendy, bintiye, amemkumbatia shingoni.

"Hongera sana! Na hesabu je?"

"Nitairudia, Mwalimu. Na mara hii usiniulize nafasi nitaipata wapi."